Kamituga: chuma nacho huchoka, tukikague kabla hakijapasuka

Wakaaji wa Kamituga wanajua hatari ya udongo. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilijaza maji katika mashimo ya dhahabu, na watu wapatao 50 wakafa. Lakini iko hatari nyingine katika teritwari ya Mwenga ambayo haizungumzwi: chuma kinachofungia maji ya moto na mvuke ndani ya hospitali na vituo vya afya.

Tunasema juu ya otoklave, ile mashine ya kuua vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji na vya kuzalisha. Bila mashine hiyo, mama anayepasuliwa ili azae anaweza kutoka na ugonjwa ambao hakuingia nao. Kamituga, ambako aina mpya ya mpox ilijulikana kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, haihitaji kukumbushwa maana ya usafi wa hospitali.

Otoklave huchemka hadi nyuzi 121 au 134. Kwenye 134, mvuke husukuma kwa bari 2 hivi kuzidi hewa ya nje. Hesabu hiyo inaonekana ndogo. Lakini mlango wenye upana wa sentimita 40 unasukumwa kwa nguvu ya tani mbili na nusu, na muuguzi amesimama mbele yake.

Watu wengi wanafikiri chombo cha namna hiyo hupasuka siku presha inapopanda kupita kiasi tu. Sivyo. Kila tukiwasha, chuma kinavutwa; kila tukizima, kinalegea. Mashine inayowashwa mara 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, imevutwa na kulegea mara 12,000 katika miaka 10. Ni kama waya unaoukunja na kuukunjua: haukatiki mara ya kwanza, ila unakatika.

Maji ya moto yanaharakisha uchovu huo. Chuma hujifunika kwa ngozi nyembamba inayokikinga. Kinapovutwa, ngozi hiyo inapasuka mahali padogo, mara nyingi kando ya sehemu iliyochomelewa. Maji na hewa iliyo ndani yake vinakula chuma kilichobaki wazi, na ufa unasogea kidogo. Kesho yake unasogea tena. Kwa nje rangi inang'aa, na mshale wa presha hauonyeshi kitu.

Hii si hadithi ya kutishana. Katika miaka ya 1980, Marekani ilikuta nyufa za aina hiyo kwenye matanki mengi ya viwanda, yale yanayotoa hewa katika maji ya boila. Matanki hayo yalikuwa ya presha ndogo, na joto lake halikuwa mbali na la otoklave. Kwa vinu vya nyuklia, ambako maji hufika karibu nyuzi 300, majaribio ya Japani na Marekani yalionyesha kwamba maji ya moto yanaweza kufupisha maisha ya chuma mara nyingi kuliko hewa kavu. Mwaka 2007 wakaguzi wa nyuklia wa Marekani walitoa mwongozo kwamba vinu vipya vihesabiwe hivyo. Kama nchi tajiri zinahesabu uchovu wa chuma chao, kwa nini sisi tungoje mlio?

Tunajua vita na barabara ya Bukavu–Kamituga vinafanya vipuri kuwa ghali. Lakini daftari na kalamu havingoji barabara. Kila otoklave iwe na daftari lake: tarehe, mara ilizowashwa, na kila tengenezo. Maji yake yawe safi, yasiyo na chumvi wala klorini, na yamwagwe jioni. Supape ya usalama ijaribiwe, isifungwe kamwe kwa waya. Mara moja kwa mwaka chombo kijazwe maji baridi na kusukumwa presha kupita ile ya kazi, kwa kipimo cha mtengenezaji, mbele ya fundi anayejua. Kisijaribiwe kwa hewa ya kompresa, maana hewa ikiachiwa ghafla inaua, lakini maji yanavuja tu. Chombo chenye ufa kitolewe kazini. Kukichomelea juu juu ni kuuficha ufa, si kuuponya.

Na wafadhili wanaotuletea mashine zilizokwisha kutumika Ulaya walete pia historia yake: miaka mingapi, mara ngapi, nani aliikagua mwisho. Mganga mkuu wa zoni ya afya ana haki ya kukataa zawadi isiyo na karatasi hizo. Aitumie, na wakubwa wake wa jimbo wamuunge mkono.