Unene na Kupata Mtoto: Asilaumiwe Mama Peke Yake



Mara nyingi mtu huja afisini kwetu akasema, "Mtamba wangu amepandishwa mara tatu na hashiki mimba. Wala si mgonjwa, tazameni alivyonenepa!" Bwana wa mifugo huenda akampapasa mtamba huyo mbavuni na penye shina la mkia, na mara nyingine huona ya kuwa unene wenyewe ndio shida. Mtamba aliyelishwa unga mwingi bila kutembea hukawia kushika mimba, na akishika huzaa kwa taabu, maana mafuta yameziba njia ya ndama. Mkulima akiambiwa hivyo hakasiriki. Hupunguza unga, humpa mtamba nyasi na nafasi ya kutembea, kisha hungoja. Hamfukuzi bomani.

Nawaomba radhi kina mama. Sisemi ya kuwa binadamu ni ng'ombe. Nasema tu ya kuwa tuna subira na akili nyingi zizini kuliko nyumbani. Mtoto akikawia, mama husemwa na mashemeji, hupelekwa kwa waganga, na pengine hurudishwa kwao, akaliacha shamba alilolilima kwa mikono yake miaka kumi. Ni watu wachache wanaouliza kwanza kama yeye au bwana wake amezidi uzito.

Unene umesifiwa kwetu siku nyingi. Bibi arusi akinenepa, watu husema anatunzwa vema. Akikonda, husema ana taabu. Na tangu ukimwi uingie nchini, kukonda kumeogopwa zaidi, hata mama anayejua ya kuwa uzito wake umepita kiasi huogopa kuupunguza, majirani wasije wakanong'ona. Lakini hesabu zatuonya. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2008 na 2009, wanawake 25 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamezidi uzito. Mwaka 2014 walikuwa 33. Wala si watu wa mjini tu. Wazee waliopewa mashamba ya skimu kuanzia mwaka 1962 walibeba maji na maziwa mabegani. Leo bomba liko uani na maziwa huenda kwa bodaboda. Hilo ni jema, ila chakula hatukukipunguza, tena tumeongeza soda, chipsi na chapati za mafuta mengi.

Sasa unene wazuiaje mimba? Mafuta ya mwilini si mzigo uliokaa kimya kama gunia ghalani. Hutoa homoni zake, na huufanya mwili uhitaji insulini nyingi kupita kiasi. Mambo hayo mawili huvuruga amri inayotoka kichwani kwenda kwenye mayai ya mama, basi yai halikomai kwa wakati wake au halitoki kabisa. Dalili yake ni hedhi kukawia miezi miwili au mitatu. Mama mwingine huota na nywele kidevuni. Huyo asione haya, amwambie daktari, kwa maana hali hiyo inajulikana na ina dawa.

Bwana naye ana sehemu yake. Mwanamume mwenye tumbo kubwa huweza kupungukiwa na homoni ya kiume, na mbegu zake zikawa chache au dhaifu. Madaktari husema ya kuwa karibu nusu ya nyumba zinazokosa mtoto, bwana ana shida, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Kwa hivyo mume anayemwambia mkewe apunguze kula, na yeye kila Jumamosi yuko sokoni kwa nyama choma na bia, hajafanya kazi yake.

Lakini tusipite kipimo. Wanawake wengi wanene huzaa bila shida, na wembamba wengi hukosa mtoto. Maradhi ya zinaa yasiyotibiwa huziba mirija ya uzazi, na umri nao hupunguza mayai. Kwa hivyo msione mama mnene mkadhani mmekwisha kujua sababu.

Kupima si kazi ngumu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Ukipata 25 au zaidi, umezidi uzito. Ukipata 30 au zaidi, unene umekuwa ugonjwa. Mathalani, mama wa urefu wa mita 1.60 hufika 25 akiwa na kilo 64, na hufika 30 akiwa na kilo 77. Kama mizani ya zahanati iko mbali, ile ya kupimia viazi pia husema kweli, mradi wanunuzi hawajaichezea.

Habari njema ni hii: si lazima mama awe mwembamba ndipo mayai yatoke. Akipunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake, mara nyingi hedhi hurudi katika mwendo wake. Kwa mama wa kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8, hata nusu debe ya mahindi haifiki. Huhitaji kushinda njaa. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali au viazi, robo iwe maharagwe, mayai au nyama. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye mtungi. Kisha tazama chai: vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko 12, na hicho karibu ndicho kiasi chote ambacho Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asikipite kwa siku. Kulima ni kazi kweli kweli, lakini kazi ya shamba huja kwa msimu. Miezi isiyo ya jembe, tembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Bwana na bibi wakitembea pamoja, watachekwa wiki ya kwanza tu.

Sokoni kuna wanaouza majani na unga wa kukondesha. Mimi naona fedha hizo ni afadhali zinunue mbegu za mboga. Hospitalini ziko njia nyingine. Daktari huweza kutoa metformini au dawa ya kusaidia yai litoke. Ziko sindano mpya kama semaglutaidi, nazo hupunguza uzito sana, lakini ni ghali, na mama aziache angaa miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Uko pia upasuaji wa tumbo kwa wenye unene mkubwa sana. Baada yake mama hungoja mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla ya kushika mimba.

Mimba ikiisha kuingia, mambo hubadilika. Huo si wakati wa kujikondesha. Kwa mama aliyeanza na kipimo cha 30 au zaidi, kawaida iliyowekwa Marekani mwaka 2009 ni kuongeza kilo 5 hadi 9 tu mpaka kujifungua, na kula chakula cha watu wawili ni maneno ya mtaani. Mama huyo yuko karibu zaidi na hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu, kifafa cha mimba, mimba kuharibika, na mtoto mkubwa asiyepita njia, hata ikabidi apasuliwe. Basi aanze kliniki mapema, apimwe damu na mkojo kila mara, na azalie hospitalini yenye daktari wa upasuaji. Vidonge vya foliki aanze kabla ya mimba, mikrogramu 400 kila siku. Aliye mnene sana amwulize daktari, maana huenda akapewa vya nguvu zaidi.

Mkikaa pamoja mwaka mzima bila kuzuia mimba na mtoto hajaja, nendeni hospitali. Kama mama amepita miaka 35, ngojeni miezi sita tu. Nendeni wawili, siku moja. Kipimo cha bwana ni rahisi kuliko vyote, nacho ndicho wanaume hukikimbia, kwa hivyo kianze hicho. Mama naye aandike tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita, kama vile mnavyoandika katika daftari siku ambazo ng'ombe ametaka dume, na karatasi hiyo aichukue aende nayo. Daktari ataiuliza kabla ya jambo lingine lolote.