Fundi, usitujazie draiva

Kompyuta ikishaunganishwa na kupigwa Windows, mafundi wengi humalizia kwa kuchomeka flashi yenye furushi la draiva za kila aina, kubonyeza kitufe kimoja na kuiachia programu ijichagulie. Mteja aliyeteremka kutoka Vugiri hadi Korogwe mjini halalamiki. Anawahi gari la kurudi mlimani. Kwangu, desturi hii haifai. Draiva ziwekwe chache, na kila moja ijulikane ilikotoka. Nyingi kati yake hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo, ambako kosa dogo huangusha mashine nzima. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja yenye kasoro iliyosomwa na draiva ya ulinzi ya CrowdStrike ilizimisha kompyuta takribani milioni 8.5 duniani, safari za ndege zikafutwa na hospitali zikakwama. Hiyo ni kampuni yenye wataalamu wake, sembuse furushi ambalo hata fundi hajui limefungwa na nani! Wala saini ya kidijitali haitoshi: kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kilikuja na draiva zilizosainiwa kwa vyeti vilivyoibwa Realtek na JMicron.

Mafundi watajibu kwamba bando ni ghali, na furushi la flashi halili hata megabaiti moja. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba Windows 10 na 11 huja na draiva za kutosha kuwasha skrini, kibodi na diski. Kinachokwamisha mara nyingi ni kadi ya mtandao, na hapo simu yenye intaneti ikichomekwa kwa waya wa USB huziba pengo, kisha Windows Update ikatafuta zilizobaki. Kifaa kikiendelea kuonyesha alama ya njano kwenye Device Manager, fungua sifa zake usome Hardware Ids: VEN_10EC ni Realtek, VEN_8086 ni Intel. Ukishamjua mtengenezaji, ingia tovuti ya madabodi yako kwa jina la modeli na uchukue draiva ya kifaa hicho tu. Bando huliwa hasa na draiva za kadi ya picha. Ya Nvidia peke yake hupita megabaiti 500, na anayechapa barua na kutengeneza risiti haihitaji.

Wapo pia wanaoamini kuwa toleo jipya ni bora siku zote, kwa sababu huziba matundu ya usalama. Pakitangazwa tundu, sawa, sasisha siku hiyohiyo. Lakini kubadilisha draiva ya sauti inayofanya kazi vizuri kisa tu kuna namba mpya ni kutafuta ugomvi. Na kwa kuwa mteja ndiye atakayebaki na mashine hiyo huko mlimani, fundi amwandikie kwenye risiti draiva alizoweka, toleo lake na tovuti zilikotoka.