Wageni wa chumba cha ndani

Mpenzi msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna mwanafunzi wa kemia, mwombe akuonyeshe jedwali la elementi. Chini kabisa utaona safu mbili zilizotengwa na nyingine, kana kwamba zimefukuzwa nyumbani. Ile ya juu ndiyo ya lanthanaidi, kuanzia lanthanamu, nambari 57, hadi lutetiamu, nambari 71. Akikuuliza zimekosa nini, usimwambie akariri tu.

Hazikufukuzwa. Mahali pake hasa ni safu ya sita, baada ya bariamu, nambari 56, na kabla ya hafniamu, nambari 72. Lakini tukiziingiza zote pale, pamoja na zile za chini yake, jedwali litakuwa na safu wima 32 badala ya 18, na ukurasa hautatosha. Ndiyo maana huandikwa kando.

La ajabu ni jinsi zinavyofanana. Ifikirie atomu kama nyumba yenye vyumba na baraza. Kila tunapopanda nambari moja, elektroni moja huongezeka. Kwa kawaida mgeni huyo huketi karibu na barazani, na tabia ya elementi hubadilika. Kwa lanthanaidi, mgeni hupitishwa moja kwa moja hadi ganda la nne, ndani kabisa, ambako bado kuna nafasi 14. Tazama praseodimiamu: 2.8.18.21.8.2. Jirani yake neodimiamu ni 2.8.18.22.8.2. Tofauti iko ndani. Barazani wameketi wawili walewale. Nayo kemia, msomaji wangu, ni mazungumzo ya barazani.

Ufanano huo uliwatesa wataalamu. Mwaka wa 1841, Carl Gustaf Mosander wa Sweden alidhani amepata elementi mpya, akaiita didimiamu, yaani pacha, kwa kuwa ilifanana mno na lanthanamu. Mwaka wa 1885, Carl Auer von Welsbach wa Austria aligundua kwamba huyo pacha mwenyewe alikuwa wawili: praseodimiamu na neodimiamu!

Hesabu nayo ina utata wake. Nafasi ni 14, lakini kutoka 57 hadi 71 ni elementi 15. Moja imezidi. Je, ni ipi ikae chini ya itriamu katika kundi la 3? Lanthanamu haina hata elektroni moja katika nafasi hizo. Lutetiamu imezijaza zote. Baadhi ya vitabu huweka ya kwanza, vingine ya pili. Ripoti ya muda ya muungano wa kimataifa wa kemia, IUPAC, iliyotolewa mwaka wa 2021, iliegemea lutetiamu. Kwa hivyo mwanao akiona majedwali mawili yasiyopatana, asidhani mwalimu amekosea.

Haya si ya mtihani pekee. Neodimiamu hutumiwa katika sumaku ndogo zenye nguvu, kama zile za spika za masikioni. Nasi tuna kilima cha Mrima, Kwale, chenye madini ya jamii hii. Kuyachimba ni hatua ya kwanza tu. Kazi ngumu ni kutenganisha ndugu hawa wenye sura moja, na kazi hiyo humhitaji anayejua nani kaketi chumba cha ndani. Pengine mtu huyo sasa hivi yuko mezani kwako, anasubiri jibu.

Jumapili njema.