Kikapu cha Bukavu chatoka wapi?

Ndugu zetu wanaokaa Ufaransa wakituletea habari, mara nyingi hutusimulia juu ya masoko ya wakulima. Katika miji mingi ya huko, siku moja au mbili za juma, kiwanja cha katikati ya mji hujaa meza na vikapu tangu alfajiri, na saa sita au saa saba mchana kila kitu kimekwisha kuondolewa na mahali pamefagiwa. Mji wa Sarlat wajulikana kwa soko lake la Jumatano na Jumamosi. Mji wa Carpentras kwa soko lake la Ijumaa, ambako wakati wa baridi huuzwa pia uyoga mweusi unaokua chini ya udongo, nao hutafutwa na mbwa kwa kunusa. Watu hutoka mbali kwa kulitazama soko tu, kama vile wengine watokavyo mbali kutazama maporomoko ya maji. Na mnunuzi mwenye busara humwuliza mwuzaji neno moja kabla ya kutoa fedha: Je, umelima wewe mwenyewe, au umenunua kwa mwingine?

Neno hilo latufaa sisi pia. Hatuna haja ya kupanda ndege ili tuone soko la wakulima. Twalo hapa hapa, ila kwa kuwa twapita kila siku hatulitazami.

Mji wetu wa Bukavu umejengwa juu ya rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, na juu ya vilima vya nyuma yake, karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa namna hiyo hapana mashamba ya kutosha watu wote wa mji. Kila kilicho ndani ya sufuria kimeteremka mlimani, au kimevuka maji, au kimepanda kutoka bonde la Ruzizi. Mchele na maembe hutoka huko bondeni, upande wa Uvira, na magari hupanda kwa taabu ngazi za Ngomo, ambazo kila dereva azijua na kuziogopa. Mafuta ya mawese hutoka Fizi na sehemu za msituni. Kabichi, karoti, vitunguu vya majani na maharagwe hutoka Kabare na Walungu. Mananasi hutoka kisiwani Ijwi.

Anayetaka kuyaona haya yote pamoja na aende Kadutu. Soko la Kadutu ni kama tumbo la mji: kelele, matope wakati wa mvua, watu wengi wanaosukumana. Nyawera, katika Ibanda, pana utulivu zaidi, mboga zimepangwa vizuri, na bei imepanda kidogo kwa sababu ya utulivu huo. (Wazee hawapiti Nyawera bila kukumbuka kwamba hapo ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa, tarehe 29 Oktoba 1996.) Lakini sisi twapenda zaidi Beach Muhanzi, mahali maboti yanapofika. Hapo mtu humwona mkulima na shehena yake kabla haijapita mikononi mwa watu watatu au wanne.

Boti la Ijwi likikaribia, harufu ya mananasi hufika kabla yake. Kisiwa hicho, chenye kilometa za mraba 340 hivi, huhesabiwa kuwa cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika. Nanasi lake ni tamu, na wauzaji wote wa mjini walijua hilo. Ndiyo sababu kila nanasi linalouzwa Bukavu laitwa “la Ijwi”, hata lile ambalo halijaona maji ya ziwa kamwe. Wafaransa walipatwa na udanganyifu wa namna hii katika jibini yao ya Roquefort, wakaweka sheria mwaka 1925 kwamba jina hilo lisitumiwe na mtu mwingine kwa jibini ya mahali pengine. Sisi hatuna sheria ya nanasi. Kinachobaki ni pua na kidole gumba: bonyeza chini, nusa, kisha mwulize mama alikotoka. Mwenye nanasi la kwake mwenyewe atakutajia kijiji chake bila kufikiri.

Na jibini yetu nayo ina hadithi yake. Ile ya mviringo, ngumu kidogo, ya rangi ya manjano hafifu, hutengenezwa katika malisho ya Masisi, lakini watu huiita jibini ya Goma, kwa jina la mji unaoiuza, wala si la mlima unaoifanya. Bushi ina ya kwake, mashanza, maziwa yaliyogandishwa kwa desturi ya wazee. Mashanza haipendi safari ndefu wala jua. Kwa hiyo watu wa mbali hawaijui, na vijana wa mjini waanza kuisahau. Twaona jambo hili ni hasara, kwani mtoto aliyekulia Bukavu ataweza kutaja majina ya maziwa matatu ya unga ya Ulaya kabla hajataja hilo moja la kwao.

Tukitaja maziwa ya unga, tutaje na kopo lake. Mgeni akifika sokoni hushangaa kuona kwamba maharagwe na unga hazipimwi kwa mizani, bali kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto kutoka Uswisi. Kopo likiisha maziwa lapata kazi mpya ya miaka mingi. Nalo lina elimu yake. Kuna kopo ambalo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani, likapunguza konzi moja ya maharagwe kila mara. Kuna mkono unaojaza haraka ili nafasi zibaki katikati ya punje. Kuna na nyongeza, yaani ile konzi ya mwisho ambayo mama huitupa juu ya mlima wa kopo kwa ajili ya mteja wake, na ambayo mteja akiikosa hatarudi tena. Wanafunzi wetu wanaojifunza hesabu za ujazo wangefanya vema kwenda na mama zao Jumamosi moja: waingize kidole kitakoni mwa kopo kwanza, ndipo wahesabu bei.

Sasa tuseme juu ya sambaza, kwa maana hapana chakula cha Bukavu kinachozidi hicho. Wengi hudhani kwamba samaki hao wadogo walikuwamo ziwani tangu kuumbwa kwake. Sivyo. Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache sana katikati, maji mengi bila mlaji. Kati ya mwaka 1958 na 1960 watoto wa samaki waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika wakamwagwa humu. Waliletwa wa aina mbili za dagaa. Aina moja haikudumu, ya pili, ambayo wenye elimu waiita Limnothrissa miodon, ilishika ikaenea ziwa zima. Hiyo ndiyo sambaza yetu. Basi chakula tunachokiita cha asili kina umri mdogo kuliko babu zetu wengi!

Uvuvi wake mwaujua: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umening'inia chini, taa zinawaka juu ya maji, na wavuvi waimba wakipiga makasia jioni wanapotoka. Samaki hufuata nuru. Kwa hiyo usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, wavu hutoka mtupu au karibu mtupu, na asubuhi bei ya sambaza hupanda. Mama mwenye akili hutazama mbingu kabla ya kutazama mfuko wake: mwezi ukiwa mpevu hununua maharagwe, giza likirudi hununua sambaza, za kukaanga siku hiyo na za kuanika kwa siku zijazo.

Lakini bei haitoki mwezini peke yake. Tuwatazame wale wanawake wanaoteremka kutoka Kabare kabla ya mapambazuko, kamba imepita kipajini, mzigo mgongoni, mara nyingine mzito kuliko mwili wa mwenye kuubeba. Ukingoni mwa mji hukutana na wanunuzi wanaongoja. Hao hununua mzigo mzima kwa bei ya kuchoka, yaani bei ambayo mtu huikubali kwa sababu miguu yauma, mtoto analia nyumbani na njia ya kurudi ni ndefu. Saa mbili baadaye kabichi zile zile ziko sokoni kwa bei nyingine. Hatusemi kwamba kila mlanguzi ni mwizi. Yeye pia hulipa gari, hulipa kodi ya meza, na mboga zikioza hasara ni yake. Twasema tu kwamba katika mkono wa aliyelima hubaki kidogo mno.

Na njiani kuna kamba nyingine, iliyofungwa toka mti hata mti. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walitangaza kwamba wamehesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, ambako wapitaji hutozwa fedha au mali. Gunia moja la mihogo likipita kwenye kamba tatu, nani atalipa? Mkulima hulipa kwanza, kisha wewe unayekula.

Njia ya maji nayo si salama sikuzote. Tarehe 3 Oktoba 1924 hapana aliyekuwa na motokaa za kutosha hapa. Tarehe hiyo hiyo mwaka 2024 motokaa zilikuwapo, lakini vita vilikuwa vimekata barabara ya Goma, na wakulima na wachuuzi wa Minova wakalazimika kupita ziwani. Boti moja lililojaa watu na mizigo likapinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa pwani wanalitazama. Makumi ya watu walikufa. Mwaka uliotangulia, Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa iliteremsha mawe na maji juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe. Alhamisi ndiyo siku ya soko la Nyamukubi. Watu walikuwa wamekuja toka vijiji vingi, na toka visiwani, na vikapu vyao. Waliokufa walizidi 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mtu akisoma kwamba soko ni mahali pa furaha na mazungumzo, ni kweli. Lakini wako waliokwenda kuuza ndizi wasirudi.

Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, benki zilifunga milango na fedha za mkononi zikapungua. Masoko yaliendelea kadiri yalivyoweza. Tajiri mwenye fedha benki na maskini asiye na kitu walijikuta mbele ya mama yule yule wa lenga-lenga, wote wawili wakiomba wakopeshwe mpaka kesho. Mama huyo hakuwa na daftari. Alikumbuka nyuso.

Tumebakiza jambo la unga, nalo twaomba mlisome polepole. Bukari yetu hutokana na mihogo, na mihogo mingi ya milimani ni michungu, yaani ina sumu. Wazee walijua kuiondoa: kuiloweka siku tatu au nne mpaka ilainike, kuimenya, kuianika juani hata ikauke kabisa, ndipo kuisaga. Njaa na vita vikija, watu hukosa subira. Siku nne huwa mbili, mbili huwa moja. Kama chakula kingine ni haba, hasa samaki, nyama na maharagwe, sumu ile huweza kuleta ugonjwa uitwao konzo. Miguu hukakamaa kwa ghafula, nayo hairudi kuwa kama zamani. Wagonjwa wengi ni watoto na mama zao. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu katika Kwango mwaka 1938, na Kivu ya Kusini nayo imeuona.

Kwa hiyo mkinunua cossette, yaani mihogo mikavu ya vipande, msiridhike na weupe wake. Vunjeni kipande kimoja. Mwulizeni mama kwa heshima: Mama, hii ililala majini siku ngapi? Mwenye kulima na kuloweka mwenyewe hatakasirika, atawaambia siku, na pengine atawaambia na kijito alichotumia. Mchuuzi aliyenunua jana barabarani hataweza kujibu. Na bukari hiyo iliwe pamoja na maharagwe au sambaza, hata konzi moja tu, siyo na chumvi peke yake.

Mbalamwezi itapungua tena. Wanaokaa karibu na ziwa watasikia nyimbo za wavuvi jioni, na asubuhi yake, kabla ya saa moja, beseni za kwanza zitakuwa pwani.