Ubao wa Meza ya Kulia



Kijana mmoja wa hapa Mingoyo alitujia baada ya sala ya Alasiri akitaka shauri. Mama yake magoti yamemchoka, hawezi tena kuketi mkekani, na tangu mwaka jana amekuwa akila peke yake kitandani ilhali wanawe na wajukuu wamelizunguka sinia chini. Kijana ataka kumchongeshea meza ili mama arudi kula na watu wake. Akauliza mambo mawili: je, yafaa kula mezani, na achague mti gani uelekeane na chumba?

La kwanza si refu. Anas bin Malik amesimulia kwamba Bwana Mtume, sala na amani zimshukie, hakulia juu ya meza, nasi twapenda kumfuata. Lakini Imamu Ghazali katika Ihyaa hakusema kuwa kulia mezani ni jambo lililokatazwa. Na aliyezuiliwa na magoti ana udhuru wake.

La pili ndilo lililotuweka barazani mpaka Magharibi. Chumba chao ni kidogo, kina dirisha moja, kuta za chokaa, na mlango wa zamani wa mkongo uliokwisha kupiga weusi. Watu wengi hudhani meza yapasa ifanane na mlango. Sisi hatuoni hivyo. Chumba chenye mwanga haba kikitiwa mti mweusi hugeuka ghala. Mpingo tusiutaje, kwani ni mti wa fimbo, vinyago na zumari, wala hautoi mbao pana. Mvule huwa wa manjano ukikatwa, kisha huiva ukawa wa kahawia. Mchwa hawauwezi, ila vumbi lake huwasumbua mafundi kifua, na mara nyingine huwa na mawe ndani yake yanayoharibu makali ya msumeno. Mninga ndio tuliouona wafaa: rangi yake ya dhahabu yenye michirizi ya wekundu huupokea mwanga wa dirisha, na ukikaushwa vizuri haupindi ovyo.

Na huko kukauka ndiko wanunuzi wasikokuuliza. Katika pwani yetu ya Lindi mvua hunyesha tangu Desemba hata Mei. Ubao ulionunuliwa mbichi wakati huo, kiangazi kikiingia husinyaa, na uso wa meza hupasuka. Fundi mzuri huuachia ubao nafasi ya kucheza: haugongelei misumari pande zote, bali huushika kwa vibanio chini. Mwambie akuonyeshe upande wa chini kabla hujalipa.

Sasa yaliyotupata. Fundi mmoja alituonyesha mbao za mkongo, pana na kavu, kwa nusu ya bei. Sisi tuliokuwa tukihubiri habari za mwanga wa chumba tuliyasahau yote, tukamwambia kijana atoe arbuni. Akatoa. Ni yeye, wala si sisi tunaofundisha watoto hukumu za kuuza na kununua, aliyeuliza hati iko wapi. Mingoyo ndipo zinapokutana njia za Lindi, Mtwara na Masasi, na mbao za bara hupita hapa. Gogo la halali hugongwa nyundo ya alama ya Maliasili, na mbao zake husafiri na hati. Zile hazikuwa na hati yoyote. Tukawakumbuka watu wa Kikole na Kisangi, huko Kilwa, ambao mwaka 2009 walipata cheti cha kimataifa kwa kuutunza vema msitu wa vijiji vyao. Mti wao ukiuzwa kwa utaratibu, fedha huingia kijijini. Ukikatwa usiku, wao hubaki na kisiki. Msitu una wenyewe, kama shamba lilivyo na mwenyewe.

Tukaziacha mbao zile, na arbuni haikurudi. Sehemu yake tumeilipa sisi, kwa kuwa shauri lilikuwa letu. Fedha iliyobaki ikaipunguza meza: mninga wenye hati, futi tatu na nusu kila upande, kiasi cha sinia moja kukaa katikati na mikono yote kulifikia. Kimo chake tulikipima kwa kiti cha mama.

Meza iliingizwa ndani siku ya Ijumaa. Mama aliketi upande wa dirisha, akaupapasa ubao, kisha akauliza kwa nini sinia limewekwa karibu na wanaume. Likasogezwa.