Zumu ya Kwanza Iwe ya Sebuleni

Kila wiki lazima mtu anitumie swali hilo hilo kwa DM: "Niko na kamera ya mirolesi na ile lenzi ilikuja nayo. Nimeweka doo kidogo. Ninunue zumu gani?" Kabla hata sijajibu, skrinshoti imefika. Lenzi ndefu kama chupa ya maji, 55-210 ama 70-300, na chini yake ameandika: "Hii si inafika mbali?"

Inafika. Na hapo ndipo tunakosana.

Mimi hiyo lenzi niliinunua. Nilikuwa na Sony a6000 ya mtumba, ile ya 2014, na lenzi yake ndogo ya 16-50. HELB ikaingia (mathee, kama unasoma, ruka hii aya), nikashuka tao nikiwa na mpango wa kutoka na kitu itanitoa kwa umaskini. Jamaa wa duka akanichomolea Sony 55-210, akanipeleka hadi mlangoni, akaniambia niangalie saa kwa mkono wa askari wa jengo la ng'ambo ya barabara. Nikavuta zumu, nikaona saa. Manze, nililipa hapo hapo. Hakuniuliza napiga picha za nini, na mimi pia sikuwa nimejiuliza.

Wiki chache baadaye nikapata kazi yangu ya kwanza ya maana, ruracio huko Limuru. Asubuhi mambo yalikuwa poa: tuko nje, jua liko, wageni wako mbali kwa hema, na mimi natoa sura za watu bila wao kujua. Nikajiona niko National Geographic. Halafu mvua ya Limuru ikafanya vile hufanya. Watu wote tukabebana hadi sebuleni, sebule ya kawaida, makochi yamepangwa ukutani, balbu moja katikati, mapazia mazito.

Kama hujawahi kwenda ruracio, kuna ile sehemu ambapo wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwa hadi chini, wanapangwa laini, na bwana harusi lazima amchague mpenzi wake bila kuona uso. Akikosea anapigwa faini na kuchekwa hadi wajukuu. Ni kitu inatokea mara moja. Hakuna kumwambia mtu arudie.

Sasa mimi nimesimama hapo na 55-210. Kwa sensa ya hizi kamera zetu, 55 inabana kama 82 kwa kamera ya sensa kubwa. Wasichana wako mita mbili mbele yangu. Kwa kioo naona maua ya leso moja, basi. Nikarudi nyuma, nikagonga ukuta. Nikasonga kando, nikakalia magoti ya cucu. Nikaamua kubadilisha lenzi. Ile ndogo iko kwa begi, begi iko chini ya mlima wa makoti. Niko hapo, kifuniko kwa meno, lenzi moja kwapani, nikasikia ngemi. Jamaa ameshampata.

Picha niliyopata ni ya mgongo wa bi harusi akikumbatiwa. 50mm, f/5.6, ISO 6400, shata 1/40. Uso wa jamaa umevutika kama amepita na boda, na ukuta wa nyuma umejaa chengachenga. Siku ya kupeana picha mamake bi harusi akaangalia zote mara mbili, polepole, halafu akaniuliza, "Kijana wangu, ile ya kufunua leso iko wapi?" Nikamwambia, "Mama, hiyo haikutoka." Hakunigombanisha, na afadhali angenigombanisha. Nilirudisha nusu ya pesa, na kwa sababu hiyo nusu nilikuwa nimeshaila, ikabidi nikope.

Kwa hivyo ukiniuliza zumu ya bei nafuu ni gani, mimi siulizi tena inafika wapi. Nauliza itakuwa na mwanga kiasi gani ukiwa ndani ya nyumba ya mtu, jioni, na hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Kazi zetu ziko hapo. Besidei, kanisa, ruracio, harusi, podkasti ya jamaa kwa bedsita, klabu. Simba utapiga siku moja kwa mwaka, kama utapiga.

Hebu tuangalie hiyo namba ya f, kwa sababu wengi wanairuka. Ni ukubwa wa tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, mwanga unaingia mwingi. Lenzi ya kuanzia kama 16-50 imeandikwa f/3.5-5.6. Maana yake ukiwa kwa upana wote unapata 3.5, lakini kadiri unavyovuta, tundu linapungua hadi 5.6. Sasa chukua lenzi yenye inakaa f/2.8 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa 50mm, 2.8 inaingiza mwanga mara nne ya 5.6. Ile picha yangu ya ISO 6400 ingekuwa ISO 1600 kwa shata ile ile. Ama ningebaki kwa 6400 na kupandisha shata hadi 1/160, na jamaa angebaki na sura. Lakini tusidanganyane: ukiwa umefungua upana wote, tofauti ya 3.5 na 2.8 si ya kukufanya uuze simu. Faida kubwa iko ukianza kuvuta.

Kwa wenye Sony za sensa ya APS-C, yaani a6000, a6400, ZV-E10 na ndugu zao, jibu langu ni Sigma 18-50mm f/2.8. Ilitoka 2021 kwa dola 549. Kwa dola ya shilingi kama 130, hiyo ni elfu sabini na kitu kabla ya usafiri na ushuru, ndiyo maana nasema tafuta ya mtumba. Ina uzito wa gramu 290 hivi, inaingia kwa mfuko wa jaketi, na ukiwa nayo kwa matatu hakuna mtu anaiangalia mara mbili. Kwa Nairobi hiyo ni sifa ya kiufundi. Baadaye ikatoka pia ya Fujifilm, na 2024 ya Canon RF, kwa hivyo wenye R50 hamjaachwa.

Shida yake? Haina kituliza mtikisiko, na hizo Sony nilizotaja hazina pia ndani ya bodi. Kwa picha, si neno. Kwa video ya kutembea utaonekana kama unarekodi ukiwa kwa punda. Kuna wale watakwambia washa kituliza cha kidijitali. Ni sawa, lakini kile hukata kingo za picha, na ukishakata 18mm halafu umejishikia kamera kwa mkono, uso wako unajaza skrini yote. Kama wewe ni wa kujirekodi ukitembea, baki na 16-50 yako kwanza. Nayo usiicheke. Ina kituliza, ni nyepesi kuliko simu nyingi, na mchana kwa jua la saa nne hakuna mtu kwa Instagram atajua ulipiga na nini.

Kama unafanya video na picha nusu kwa nusu na mfuko unaruhusu, Tamron 17-70mm f/2.8 ina vyote, 2.8 muda wote na kituliza. Lakini ilianza kwa dola 799 na ni gramu 525, karibu mara mbili ya Sigma. Kwa a6000 kamera inainama mbele kama mtu amesikia habari mbaya. Katikati kuna Sony 18-105mm f/4, ya 2013. Imezeeka, ila wasee wa video bado wanaipenda kwa sababu inavuta kwa mota, polepole bila kuruka, na haiongezeki urefu ukivuta. f/4 ni nusu ya mwanga wa 2.8. Kwa sebule ya Limuru ningeumia, lakini si vile niliumia.

Kitu kimoja kuhusu kituliza ambacho wauzaji hawasemi: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtu unayempiga. Cucu akianza kucheza mugithi, OSS haitakusaidia. Hapo unahitaji shata ya haraka, na shata ya haraka inataka mwanga. Tumerudi kwa f tena.

Wenye Canon R mko na njia nyingine ya watu wa mfuko mwepesi. Adapta ya EF kwenda R inakubali lenzi za zamani za Canon za DSLR, na kuna zumu za 17-50mm f/2.8 za Tamron na Sigma ambazo watu wanaziacha wakihama. Zijaribu kwa kamera yako mwenyewe kabla ya kulipa, kwa sababu lenzi za kampuni nyingine si zote huelewana na bodi mpya. Kwa Sony, adapta za lenzi za Canon sizipendi. Fokasi inawinda huku na huku, na bi harusi hangoji fokasi.

Najua kuna msee ameshaanza kuandika, "Kwa nini usinunue lenzi isiyo na zumu? Sigma 30mm f/1.4 ni bei ya chini na inashinda hizo zote usiku." Ni kweli, 1.4 inaingiza mwanga mara nne ya 2.8. Kama kazi yako ni kupiga watu mmoja mmoja Uhuru Park, mnapanga pozi na mna muda, nunua hiyo na uachane na hii stori yangu. Lakini hiyo ushauri mara nyingi inatoka kwa watu wa YouTube wenye bodi mbili kwa shingo na msaidizi nyuma. Wewe una bodi moja. Dakika hii unataka chumba chote, dakika ijayo pete kwa kidole. Na kila mara unafungua kamera kubadilisha lenzi, vumbi la hema linaingia kwa sensa. Kwa mtu wa bodi moja, kuvuta bila kufungua kamera kunalipa kuliko kipande cha mwanga.

Kabla hujatuma pesa popote, fungua picha zako za miezi mitatu iliyopita na uangalie taarifa zake. Kila picha imebeba milimita ulizotumia. Mimi nilifanya hivyo baada ya Limuru, na karibu zote nilizopenda zilikuwa kati ya 16 na 50. Kazi ya dakika kumi ingeniokolea pesa ya HELB. Nikaona aibu peke yangu chumbani.

Ukinunua ya mtumba, nenda na kamera yako. Kutaneni mahali pa watu. Fungua tundu lote, upige kitu chenye maandishi madogo, kwa upana na kwa mvuto, halafu ukuze uangalie kona, si katikati peke yake. Zungusha zumu usikilize kama kuna mchanga. Washa tochi ya simu upande mmoja wa kioo, uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo ni kawaida. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisha tu. Kuwa makini zaidi na lenzi iliyoishi Mombasa ama Malindi, unyevu wa Pwani na droo iliyofungwa ni mapenzi ya kuvu. Na doo inatumwa baada ya haya yote. Hakuna cha "tuma kidogo nikushikie". Mkopo wa simu wa wiki mbili kwa ajili ya lenzi pia hapana, labda kama kazi yenyewe imeshalipwa.

Sigma yangu nilikuja kuinunua kwa jamaa wa Rongai aliyekuwa anahamia kamera kubwa. Ilinichukua miezi saba ya kuweka. Kazi ya kwanza nilipiga nayo ilikuwa besidei ya mtoto, nyumba ya ghorofa ya nne, stima ikapotea wakati wa keki. Mishumaa minne tu. Hiyo picha ndiyo iko juu kabisa kwa peji yangu, ile ya msichana amefura mashavu.

55-210 bado niko nayo. Haina kuvu, kofia zote mbili ziko, imetumika mchana tu. Kama unapigia timu yenu ya mtaa mechi za Jumapili saa tisa, hiyo ni lenzi yako na sikudanganyi, kwa jua inatoa kitu safi. Nitafute kwa DM tuongee bei, lakini nitakuuliza kwanza unapiga nini.