Barua ya Wazi Kuhusu Sampuli za Rufiji Zilizooza

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu vichujio vyenye tope lililochujwa kutoka maji ya delta ya Rufiji, nilivyoikabidhi ofisi yako ivitunze kwenye friza. Friza ilizimwa, hakuna aliyeshughulika, vikaoza. Naambiwa nikachukue vingine. Haiwezekani. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji juu ya delta, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na tope ambalo mto ulikuwa ukilishusha hadi baharini sasa linatuama nyuma ya ukuta wake. Masika ya kabla ya siku hiyo hayarudi.

Vichujio hivyo vilikuwa vya kupimia asili ya kaboni iliyo kwenye tope, na hoja kwamba kaboni ni kaboni, ilimradi iko kwenye tope, haina mashiko. Kaboni ya delta hutoka kwenye mikoko, bara na baharini, na kila asili ina alama yake. Kwa kipimo cha isotopu za kaboni, majani ya mikoko huwa karibu na hasi 28 kwa elfu, planktoni wa baharini hasi 21, mahindi na miwa hasi 12. Tatizo ni kwamba mpunga, uwe wa bonde la Kilombero huko bara au wa mashamba yaliyofyekwa ndani ya mikoko yenyewe, una alama ileile ya mikoko, na nyasi bahari hukaribiana na miwa. Kwa hiyo hupimwa pia naitrojeni na lignini, na kila kipimo hulinganishwa na kile mto ulichokuwa ukileta. Kilinganishio hicho ndicho kilichooza. Bila hicho, mwenye mradi wa kuuza kaboni ya mikoko anaweza kuhesabia mikoko tope lililotoka bara kwa mto Ruaha, na asipatikane wa kumpinga kwa ushahidi.

Wapo watakaosema tope la zamani bado liko chini, tulichimbe. Kweli lipo, na lichimbwe. Lakini lililozikwa limeliwa na bakteria na kuvurugwa na kaa. Linaonyesha kilichobaki, halionyeshi kilichopita majini. Masika ya kabla ya bwawa hayarudi, hata tuchimbe mita ngapi.

Taasisi zetu za umma hujali mashine kuliko sampuli, ilhali mashine hununuliwa tena. Naomba, Ndugu Mkurugenzi, utangaze hadharani orodha ya sampuli zote zilizosalia kwenye ghala lako, hali ya kila moja, na cheo cha anayewajibika kuzitunza. Wako watafiti wengine walioiamini ofisi yako, na bado hawajui kama walichoikabidhi kipo.